Jembe Lililopita Tabora: Historia ya Elimu ya Chuma, Joto na Nuru katika Njia ya Misafara

Tunapozungumza juu ya utafiti wa sayansi, na hasa ule unaohusu mata za uhandisi, mwendo wa joto na tabia ya nuru, wengi wetu huona mara moja picha ya maabara, ya koti jeupe, na ya vyombo vilivyofika nchini kwa meli. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine imelala chini ya ardhi ya Tanzania ya magharibi, katika vigae vya mirija ya udongo na marundo ya mavi ya chuma ambayo mkulima huyakwepa anapolima. Kusudi letu ni kueleza elimu hiyo ilikuwa ya namna gani, ilikuwa mikononi mwa nani, na ilikwishaje. Hatutaki kuwasifu mababu kwa sifa tupu. Sifa tupu ni namna nyingine ya kuwadharau, kwa kuwa humwondolea mtu wajibu wa kuichunguza kazi yao.

Tuanzie Ntalikwa, kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, katika nchi iliyoitwa Unyanyembe. Mkulima wa hapa anaponunua jembe leo, hununua kitu kilichotengenezwa mbali naye, na hakuna anayetazamia kwamba ajue chuma chake kilipikwaje. Miaka mia moja na hamsini iliyopita pia jembe lilitoka mbali. Lakini umbali ule ulipimwa kwa siku za kutembea kwa miguu: kaskazini magharibi hadi Usumbwa, au mbele zaidi hadi kwa Warongo, karibu na Ziwa Viktoria. Huko ndiko mawe ya chuma yalikochimbwa, makaa yalikochomwa na matanuri yalikowashwa. Unyanyembe palikuwa mahali pa kununua, kuweka na kubadilishana.

Vitabu vingi vya wageni kuhusu njia ya misafara husimulia pembe za ndovu, watumwa, bunduki na nguo ya merikani. Burton na Speke walifika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, na tangu siku hizo macho ya wageni yaliangalia zaidi bidhaa zilizokwenda pwani. Hili si jambo la kushangaza, kwani mfanyabiashara huandika habari za kile kinachomnufaisha. Lakini sambamba na biashara hiyo ya kutoa mali nje, palikuwapo biashara ya ndani iliyowahusu wakulima wenyewe: chumvi ya Uvinza, nafaka, mifugo, na majembe. Wanyamwezi waliyabeba majembe hadi Ugogo kununulia mifugo. Jembe lililipa mahari, lililipa faini, na kwa baadhi ya watawala wa njiani lililipa hata hongo. Lilikuwa chombo cha kazi na fedha kwa wakati mmoja. Fedha ya namna hiyo ina uzuri wake: ukiishiwa na mengine yote, unaweza kulimia.

Kuhusu ukubwa wa biashara hiyo, wanahistoria hunukuu makadirio ya miaka ya 1890 kwamba majembe yapatayo 150,000 yalifika soko la Tabora kila mwaka. Makadirio ya namna hii yana kasoro zake, na msomaji akitaka kuyapunguza nusu kwa tahadhari, sisi hatutagombana naye. Hata nusu yake ni majembe 75,000. Hiyo si kazi ya mhunzi mmoja mmoja anayejifurahisha nyuma ya nyumba. Ni uzalishaji mali, wenye mgawanyo wa kazi, wenye ujuzi unaofundishwa, na wenye soko.

Elimu iliyokuwamo ndani ya tanuri

Neno letu la kawaida, "kuyeyusha chuma", linatupotosha kidogo. Chuma safi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,538 za Sentigredi. Matanuri ya wazee wetu hayakukusudia kufika huko, wala hayakuhitaji. Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni pamoja na uchafu wa mchanga na udongo. Kazi ya tanuri ilikuwa kufanya mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kuiondoa oksijeni, na kazi hii hufanywa na hewa inayotokana na makaa yanayoungua kwa uhaba wa oksijeni, ile ambayo wanakemia huiita kaboni monoksaidi. La pili ni kuufanya uchafu uyeyuke na kutiririka, ili utengane na chuma. Uchafu huo ndio mavi ya chuma, nao hutiririka kwenye nyuzi 1,200 hivi. Kinachobaki ni bonge lenye vitundu kama sifongo, ambalo halijayeyuka, na ambalo lazima lichomwe tena na kupigwa nyundo mpaka takataka zilizosalia zitoke.

Sasa tuone ugumu wake. Hewa ikizidi mahali pasipofaa, chuma kilichokwisha kupatikana hurudi kushikana na oksijeni, na kazi ya siku nzima ikapotea. Makaa na joto vikizidi, chuma hunywa kaboni nyingi mno, kikawa kigumu kama kigae. Ukikipiga nyundo kinapasuka. Joto likipungua, mavi ya chuma hayatiririki, na tanuri huziba. Njia salama kati ya hasara hizo tatu ni nyembamba. Wazee wetu walikuwa wakiipita bila kipimajoto na bila saa, tena kwa jiwe ambalo ubora wake hubadilika kutoka shimo hadi shimo. Mtu anayesema hayo yalifanyika kwa kubahatisha hajawahi kuwasha hata tanuri la matofali.

Hata kuta za tanuri zilikuwa suala la utafiti wa mata. Udongo wa kawaida ukichomwa kwa joto kali hupasuka au kulainika. Ndiyo maana katika sehemu mbalimbali za nchi za maziwa wajenzi wa matanuri walichagua udongo wa kichuguu. Mchwa huchambua chembe ndogo za udongo na kuzishikanisha, na matokeo yake ni mata inayofinyangika vizuri na kustahimili moto. Makaa nayo yalichaguliwa kwa aina ya mti, kwani mti mzito hutoa makaa yanayodumu na kuubeba uzito wa mawe bila kusagika.

Katika suala la hewa na joto, Tanzania ya magharibi ilitoa majibu mawili tofauti kwa swali moja. Usumbwa na kwa Warongo walitumia matanuri mafupi na mivukuto. Mwaka 1943 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya kazi hiyo katika wilaya ya Kahama, wakati ambapo ilikuwa tayari inaingia katika kumbukumbu. Ufipa walifanya vingine. Walijenga tanuri refu, ilungu, lenye kimo cha mita tatu hivi na milango kuzunguka chini yake, na hawakuvukuta kabisa. Hewa ya moto ni nyepesi. Inapopanda ndani ya mnara huo huacha nafasi, na hewa baridi ya nje huvutwa kuingia kwa chini. Kadiri mnara unavyorefuka ndivyo mvuto unavyoongezeka. Mabomba ya moshi ya viwanda vya karne ya 19 huko Uingereza yalifanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Kila jibu lilikuwa na gharama yake. Mivukuto hutaka vijana wengi wanaopokezana, lakini moto huongozwa kwa haraka. Mnara hauhitaji nguvu hizo, ila hula makaa mengi, huchukua muda mrefu zaidi, na chuma chake hutoka na uchafu mwingi. Kwa hiyo Wafipa walilazimika kuwa na tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, lenye mivukuto, kwa ajili ya kulisafisha bonge kabla ya kufua. Hapa tunaona watu wakipima kazi ya binadamu dhidi ya kuni, na muda dhidi ya ubora. Hilo ndilo swali la mhandisi wa kila zama.

Nasi tusisahau chumvi. Uvinza, katika njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, maji ya chemchemi za chumvi yalichemshwa katika vyungu tangu milenia ya kwanza. Huko nako suala lilikuwa namna ya kupitisha joto la kuni hadi majini kwa hasara ndogo. Lakini turudi kwenye chuma.

Jicho la mhunzi na vipimo vya Berlin

Mhunzi alijuaje joto la chuma? Kwa nuru. Chuma kinachopashwa moto huanza kutoa mwanga mwekundu wa giza, kisha mwekundu ulioiva, kisha wa machungwa, kisha wa manjano, na mwisho hukaribia weupe. Kila rangi ina kazi yake. Kukunja bapa la jembe, kuunganisha vipande viwili na kutia makali ni kazi za rangi mbalimbali. Jua kali la mchana huidanganya rangi, na kwa sababu hiyo kazi ya kufua hutaka kivuli. Kibanda cha mhunzi hakikuwa cha kumkinga na mvua tu. Kilikuwa sehemu ya kipimo chake.

Kuna jambo ambalo ni vema lifikiriwe kwa makini. Katika miaka ya 1890, huko Berlin, katika taasisi ya serikali ya Ujerumani ya vipimo vya fizikia, watafiti akina Lummer, Pringsheim, Rubens na Kurlbaum walikuwa wakipima swali hilohilo: kitu kilichopashwa joto hutoa nuru kiasi gani, na ya rangi gani, kwa kila kipimo cha joto? Hawakulifanya kwa kupenda elimu peke yake, kwani viwanda vya taa vilihitaji vipimo vya kuaminika. Kutokana na namba zao, mwaka 1900 Max Planck alitunga kanuni iliyofungua ukurasa mpya wa fizikia. Mwanzoni mwa karne ya 20 watafiti haohao na wenzao waliunda chombo cha kupimia joto la tanuri kwa kulinganisha rangi ya moto na rangi ya waya wa taa.

Sasa tazama tarehe. Januari 1893 jeshi la Wajerumani liliivunja ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, na Isike akafa humo. Mwaka 1898 kodi ya vibanda ilianza kutozwa katika koloni. Dola iliyogharamia upimaji wa rangi ya moto kule Berlin ndiyo iliyokuwa ikiweka huku utaratibu ambao ungewaondoa kazini watu wenye ujuzi wa rangi ya moto. Wala hapakuwa na mtu aliyekaa na kupanga hivyo. Ubepari hauhitaji kuwachukia wahunzi wa Usumbwa ili uwaangamize. Unahitaji tu kuuza majembe yake.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana mchambuzi anayeficha udhaifu wa upande wake hafai. Elimu ya jicho la mhunzi na elimu ya Planck hazikuwa sawa. Namba ya Berlin iliweza kuandikwa katika barua ikafika Tokyo. Kipimo cha mhunzi kilikaa ndani ya jicho lake, kikahamia kwa mwanawe au kwa mwanafunzi aliyevukuta miaka mingi, na yule asipopatikana kilizikwa pamoja na mwenyewe. Zaidi ya hapo, ufundi ulifungwa katika koo na kuzungushiwa miiko. Wanawake walizuiwa kukaribia tanuri. Dawa zilizofukiwa chini ya tanuri zilichanganywa na sababu za kweli, hata ikawa vigumu kutambua lipi hasa lililoleta chuma. Miiko hiyo ilikuwa na kazi yake ya kulinda soko la wenye ujuzi, na pengine ya kusaidia kukumbuka hatua za kazi. Hata hivyo iliizuia elimu isienee.

Jaribio la mwaka 1976 na ubishi wake

Kwa bahati, baadhi ya elimu hiyo iliwahi kupimwa kabla ya wenyewe kuondoka. Mwaka 1976, katika mkoa wa Kagera wa leo, mwanaakiolojia Peter Schmidt pamoja na mtaalamu wa vyuma Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya, waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani, wajenge tanuri na kulitumia tena. Vipimajoto viliwekwa ndani. Wakati huohuo yalichimbwa mabaki ya matanuri ya kale karibu na Ghuba ya Kemondo. Mwaka 1978 wawili hao walitangaza katika jarida la Science kwamba watu wa upande huo wa Ziwa Viktoria walitengeneza feleji, yaani chuma kigumu chenye kaboni ya kiasi, miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Joto la ndani lilipita nyuzi 1,300.

Hoja yao iliyozua ubishi ilihusu mwendo wa joto. Mirija ya udongo ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri. Kwa hiyo, walisema, hewa iliyopita humo ilipata joto kabla ya kukutana na makaa, na moto ukawa mkali zaidi. Huko Ulaya mbinu ya kupasha hewa moto kabla ya kuipuliza ilianza katika karne ya 19. Magazeti ya nje yalilipokea jambo hili kwa kishindo, na hapa kwetu wengi walifurahi.

Ndipo wapinzani walipotokea. Mwaka 1986 J. E. Rehder, mtaalamu wa vyuma wa Kanada, alidai kwamba hewa hupita katika mrija kwa muda mfupi mno, sehemu ndogo sana ya sekunde, hivyo haiwezi kuchukua joto la maana kutoka kwenye udongo. Wenye hoja walijibu kwa vipimo vyao. Wengine, kama David Killick, walionya kwamba tusiipime teknolojia ya Afrika kwa kuuliza kama iliitangulia Ulaya.

Sisi tunaona onyo hilo ni la haki. Ikiwa hewa ilipata joto kabla au haikupata, hilo ni swali la fizikia, na litaamuliwa kwa vipimo. Halibadilishi ukweli kwamba feleji ilipatikana. Kuna hatari ya kushangilia kila tamko linalotupendeza na kukasirikia kila linalotupunguzia sifa. Mwafrika hahitaji kuwa wa kwanza ili awe alifikiri. Faida kubwa ya jaribio lile ni kwamba nadharia ililazimika kukaa benchi moja na wazee wenye kazi yao, ikawauliza, ikapima, ikabishaniwa. Baadaye Watanzania wenyewe waliendeleza uchunguzi huo, na utafiti wa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu matanuri ya Ufipa ni mfano mzuri.

Tabia ya kumcheka mwenye swali si ya wakoloni peke yao. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba wa shule ya sekondari ya Magamba aligundua, akitengeneza aiskrimu, kwamba maziwa yaliyoingia jokofuni yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yaliyopoa. Alipouliza darasani alidhihakiwa. Ni baada ya Denis Osborne wa Chuo Kikuu kule Dar es Salaam kukubali kulijaribu jambo lenyewe ndipo makala yao ikachapishwa mwaka 1969. Nalo hadi leo wanafizikia wanalibishania. Ni mwendo wa joto uleule.

Nani aliuzima moto

Yapo maelezo mepesi kwamba chuma cha nje kilishinda kwa ubora. Sivyo tu. Kwanza, kabla ya Wajerumani, utajiri uliopita Tabora haukurudi kwenye tanuri. Wafanyabiashara waliuweka katika pembe na watumwa. Watemi waliuweka katika bunduki na baruti. Vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilivyoanza mwaka 1871 viligombaniwa kwa sababu ya njia na ushuru. Mirambo alikuwa kiongozi hodari, lakini nguvu yake ilitegemea bunduki zilizotoka pwani. Mwenye silaha ya kununua hulazimika kuuza kile anachotaka muuza silaha.

Kisha ikaja kodi ya fedha. Kijana aliyekuwa akivukuta alilazimika kutafuta rupia kwa kubeba mizigo au kufanya kazi katika mashamba ya pwani. Tanuri la mivukuto bila vijana ni kichuguu tu. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na jembe la Ulaya likaletwa kwa gari moshi badala ya kichwani. Wahunzi hawakutoweka. Waliendelea kufua, ila sasa walifua chuma chakavu. Walibaki na nyundo na fuawe, lakini sehemu ya elimu iliyohusu jiwe, udongo na moto mkubwa ilikatika. Watu walianza kutengeneza vitu kwa mata ambayo hawakujua asili yake. Kukatika huko ndiko tunakokuita kudumaa kwa nguvu za uzalishaji mali. Hasara yenyewe haikuwa jembe, ilikuwa uwezo wa kulifikiri.

Baada ya Uhuru juhudi zilifanyika. Kiwanda cha zana za kilimo Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China, SIDO ikaanzishwa mwaka 1973, na wanafizikia wa Chuo Kikuu wakaanza kuchunguza mata zinazopokea nuru ya jua na kuihifadhi kama joto. Lakini majembe ya Ubungo yalifuliwa kwa chuma cha kuagiza. Mawe ya Liganga, wilayani Ludewa, katika nchi ya Wapangwa ambao nao walikuwa na matanuri yao, yamekuwa yakitajwa katika taarifa za wanajiolojia tangu ukoloni. Mwaka 2011 mkataba ulitiwa sahihi na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Miaka kumi ikapita pasipo chuma kutoka. Sababu zilizotajwa zaidi ni za mikataba na fedha. Ipo nyingine ya mata yenyewe. Mawe yale yana titani, na titani hufanya mavi ya chuma yawe mazito yasitiririke vizuri. Mzee wa Usumbwa asingelijua jina la titani, lakini tatizo lenyewe angelitambua mara moja.

Turudi Tabora, ambako moto haukuzimika, ila ulibadilishiwa kazi. Mkoa huu hukausha tumbaku kwa kuni za miombo katika mabani. Joto hutoka tanurini, hupita katika mabomba yaliyolazwa chini, hupanda kwenye majani, kisha hutoka juu pamoja na unyevu. Bani lenye kuta zinazovuja na mabomba mabovu hupeleka sehemu kubwa ya mti angani bure, na deni la pembejeo hubaki palepale. Swali la kupunguza kuni kwa kila kilo ya tumbaku ni lile la ilungu na kintengwe. Siku za mwanzo moto huwa mdogo mpaka jani liwe manjano, ndipo huongezwa. Mkulima huingia usiku, humulika jani kwa tochi, huangalia rangi, kisha hurudi nje kuamua kama atatia gogo jingine.